UZI: Mosquito ya mbao, mbawa mita 3.3, inajengwa Wete. Ganda kwanza, mifupa baadaye

Randa_Wete:

Asalaam aleikum wanajukwaa. Watu wamekuwa wakiniandikia inboksi kuhusu ile picha niliyoiweka kwenye uzi wa useremala, wengi walidhani ni mashua imepinduliwa, basi nimeona bora nifungue uzi wake kabisa tuongee kwa nafasi maana mambo haya kwa Kiswahili hayaandikwi na mie nayapenda mno.

Ile si mashua. Ile ni kalibu, yaani umbo la kulazia mbao zikapata sura, ya nusu ya bodi ya ndege. Mie na vijana wa karakana pamoja na Maalim wetu wa hisabati tunajenga modeli ya de Havilland Mosquito, ndege ya mabomu ya Waingereza ya vita vya pili vya dunia, toleo la B Mk IV lile lenye pua ya kioo na lisilo na bunduki hata moja. Skeli ni moja kwa tano. Ndege yenyewe ncha hadi ncha ya mbawa ni mita 16.5, ukigawa kwa tano unapata mita 3.3, na urefu wa bodi unakaribia mita 2 na nusu. Hairuki, ni ya kutundika watu waione kwa karibu, hasa watoto wa skuli wanaosoma ufundi.

Swali la kwanza kila mtu analouliza ni kwa nini hii na si Lancaster au B-17, ndege nyengine za mabomu za vita hivyo ambazo ndio maarufu. Lancaster mbawa zake ni mita 31, kwa skeli hiyohiyo unataka nafasi ya mita 6 na zaidi, karakana gani hiyo. Lakini hata nafasi ingekuwepo nisingeijenga, kwa sababu Lancaster ni bati na ribiti, ukiijenga kwa mbao kazi yako yote inakuwa kuifanya mbao ijifanye bati. Mosquito ni mbao kweli. Kampuni ya de Havilland walijua vita ikishika aluminiamu itagombewa na kila mtu, na mafundi wa samani watakuwa wamekaa tu na randa zao, wakasema basi tutengeneze ndege inayojengwa na seremala. Serikali yao mwanzo haikutaka kusikia, ndege ya mabomu ya mbao, haina bunduki, watu wawili tu ndani, injini mbili za Merlin, itajilinda na nini? Jibu likawa itakimbia. Tarehe 1 Machi 1940 wakapewa oda ya ndege 50, na tarehe 25 Novemba mwaka huohuo ya kwanza ikaruka Hatfield, akiiendesha Geoffrey de Havilland mdogo, mtoto wa mwenye kampuni. Walipoipima 1941 ilifika kilomita 624 kwa saa, ikaziacha Spitfire, ndege za kivita za Waingereza, zilizokuwa zikipimwa wakati ule. Jumla zilijengwa 7,781, na sehemu kubwa ya mbao zake zilipita kwenye mikono ya watu waliozoea kutengeneza viti na makabati.

Sasa hapo ndipo uzi huu unapoanzia. Sie huku tuna watu wanaochonga mlango mzima wa mfenesi na mvule, tuna wanaopinda mbao za jahazi kwa jicho bila ramani, halafu kijana akitaka modeli ya ndege anaagiza boksi la plastiki kutoka nje. Plastiki sina ugomvi nayo. Ila hii ndege imekaa kiseremala toka siku ya kwanza, na nnaamini fundi yeyote mzuri wa Unguja au Pemba anaweza kuijenga kubwa, kwa njia ileile waliyoijengea wenyewe, na hiyo njia ndio jambo nnalotaka tulijadili humu.

Wajenzi wengi wa modeli kubwa za mbao wanaanza na mifupa. Wanakata kuta za ndani nyingi, wanazipanga kwenye boriti, wanapitisha fito za kwenda mbele na nyuma, mwisho wanavisha ngozi nyembamba juu. Ukimaliza, kila penye fito pamenyanyuka na kila pasipo na fito pamebonyea, na jua la kaskazi likipiga linazidi. Mosquito haikujengwa hivo. Walitengeneza kalibu mbili za umbo kamili, moja ya upande wa kushoto na moja ya kulia, nyingine za mti wa mahogani nyingine za zege. Kwenye kalibu walichimba mifereji, humo wakaweka kwanza zile kuta za ndani, saba, na vipande vya mbao ngumu mahali patakapofungwa vitu vizito. Juu yake wakalaza plaiwudi nyembamba ya mti wa bachi, juu ya plaiwudi wakapanga mbao za balsa unene wa milimita 11 hivi, juu ya balsa plaiwudi tena, wakakaza yote kwa mikanda ya chuma mpaka gundi ishike. Ikitoka hapo ni nusu ya ndege, ganda tupu, gumu ajabu na jepesi. Na uzuri mwengine, kabla ya kuziunganisha zile nusu mbili walipitisha nyaya na mabomba na mambo mengi ya ndani huku kila kitu kiko wazi, mkono unafika. Halafu wakazifunga kwa kiungo cha V, bodi ikawa bodi.

Kwa iyo tunayofanya sie ndio hayohayo. Kalibu yetu ni kuta za plaiwudi nene kila sentimita 10, juu yake fito za paini zimegongwa karibukaribu, zikasawazishwa kwa randa na puti na msasa mpaka kiganja kikipita hakikwami popote. Ikapakwa vanishi na nta ili gundi isiing'ang'anie. Kazi kubwa ya modeli hii yote iko hapo kwenye kalibu, nawaambia wazi, asiye na subira ya kusugua kalibu aachane nayo. Kosa la milimita kwenye kalibu litakuwa kwenye ndege, na huwezi kulificha kwa rangi.

Nitaendelea na mbao na gundi, mwenye swali aulize.

MkalafatiNungwi:

Waaleikum salaam fundi, mashaAllah tabarakallah. Mie nimekulia kwenye ufukwe wa majahazi hapa Nungwi, nikiangalia hiyo picha nasikia raha lakini nna la kuuliza. Sie tunalaza mkuku, tunasimamisha fashini, mbao za chini chache, halafu mataruma, zile mbavu za ndani, ndio yanaliongoza jahazi mpaka juu. Weye unaanza na ngozi. Ukilitoa ganda kwenye kalibu bila mataruma si litafunguka? Na kwa nini hamgongi misumari, mkakalafati kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, kama kawaida, mbao ikanywa mafuta ikadumu?

Randa_Wete:

Fundi mwenzangu swali lako limenifurahisha. Kwanza hili la ganda kwanza si geni kwa wazee wetu, mtepe ulijengwa hivohivo. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za usumba mpaka umbo likatimia, ndio baadaye ndani yakatiwa mataruma. Wengi mliuona ule uliokuwa umewekwa ndani ya Beit el Ajaib kabla jengo halijaporomoka.

Kuhusu kufunguka, nguvu inatokana na ule mkate wa tabaka tatu. Plaiwudi ya nje na ya ndani ndizo zinazovutwa na kubanwa, balsa katikati kazi yake ni kuzishika mbalimbali zisikaribiane wala kuteleza. Ukiongeza ule umbali baina ya ngozi mbili, ugumu unapanda sana kuliko uzito unavyopanda. Chukua plaiwudi nyembamba mbili uzigandishe pamoja, zinapindika. Tia kati yao ubao mwepesi wa sentimita moja, hazipindiki kwa mkono tena. Kuta chache za ndani zipo, lakini kazi yake ni kushika umbo la duara, hazibebi ndege nzima.

Misumari na sifa hapana, na nitaeleza kwa nini maana vijana wa huku wakiona mbao mkono unakimbilia mafuta. Jahazi linaishi majini. Mbao zake zinavimba zinajibana, pamba inajaza penye uwazi, chombo kinanyumbuka na mawimbi na misumari inaruhusu kunyumbuka huko. Ndege hii imeshikwa na gundi kila sentimita, haitakiwi inyumbuke wala ivimbe. Mafuta yakishaingia kwenye mbao gundi haishiki, hata ukisugua. Kwa iyo kwetu adui ni maji, na mafuta ndio mlango wake.

Na hilo si langu tu. Mwaka 1944 Mosquito zilizopelekwa India na Burma zikaanza kupata ajali, mbawa zikiachana hewani. Watu haraka wakailaumu gundi. Zile za mwanzo zilitumia gundi ya kasini, hiyo inatokana na maziwa na chokaa, na kwenye joto la unyevu inaoza, wadudu wadogo wanaila. Baadaye walikuwa wameshahamia gundi ya kemikali isiyojali maji. Kampuni ikatuma watu wake India wakiongozwa na Hereward de Havilland, na uchunguzi ukaenda mbele ukakuta pia kazi mbovu ya kiwandani, ngozi ya ubawa haikukaa sawasawa juu ya boriti, pakabaki uwazi ambao unyevu ukaingia. Dawa yake ikawa ukanda wa plaiwudi juu ya kile kiungo, urefu wote wa ubawa, kukiziba. Sisi tunajenga Pemba, fundi. Hewa yetu ni ileile ya masika ya huko. Ule ukanda tunauweka toka mwanzo.

Bint_Mkoani:

Shikamoo fundi. Mie nasoma ufundi, nafuatilia uzi huu kwa makini. Balsa mnaipata wapi? Nimeuliza maduka ya hadwea hapa Mkoani na mjini Unguja hakuna anayeijua. Na plaiwudi nyembamba kuliko ya milimita 3 sijaiona. Au mmeagiza?

Randa_Wete:

Marahaba bibie. Balsa ya Mosquito ilitoka Ecuador kwa meli, na sie hatukuagiza. Tumetumia msufi.

Watu wanaujua msufi kwa sufi ya mito na magodoro, mbao yake wanaidharau kwa sababu haijengi nyumba. Lakini msufi na balsa ni jamaa moja kabisa katika ukoo wa miti. Msufi ni mzito kuliko balsa, hilo ni kweli, ila kwa modeli ya kutundika uzito huo unavumilika, na unachongeka kirahisi kwa patasi kali. Taabu yake ni moja, ukishakatwa unaharibika upesi sana. Siku chache tu kwenye unyevu unaingia madoa ya buluu na wadudu wanaotoboa, mti mzima unakwenda. Kwa iyo kwanza uwe na kibali cha kukata, mti haukatwi hivihivi, halafu siku ileile unapoangushwa upasuliwe mbao, mbao zichovywe kwenye maji ya boraksi, dawa ya kuzuia wadudu, kisha zipangwe kivulini na vijiti kati yake hewa ipite. Usizianike juani moja kwa moja kama karafuu kwenye jamvi, zitapasuka na kujikunja. Na hata zikikauka vizuri elewa kwamba kwa hewa ya visiwani mbao haishuki chini ya unyevu wa asilimia 15 hivi, na hilo si tatizo, tatizo ni kugandisha mbao mbichi na kavu pamoja maana moja itasinyaa na nyengine imetulia, kiungo kinachanika.

Plaiwudi ndio hapo tumetoka kidogo kwenye njia yao. Ya milimita 3 inayouzwa huku inakubali kupinda upande mmoja tu, na bodi ya Mosquito kwenye pua na mkiani inapinda huku na huku kwa pamoja. Kwa iyo ngozi ya ndani tumeifanya kwa venia, zile karatasi za mbao wanazobandika kwenye makabati, tukazikata mikanda ya upana wa vidole viwili, tabaka la kwanza limelazwa mshazari kulia, la pili mshazari kushoto, gundi katikati. Ukimaliza umejitengenezea plaiwudi yako mwenyewe juu ya kalibu, ina umbo tayari. Hata wenyewe penye mpindo mkali hawakuweza kulaza shiti nzima, walikata vipande.

Gundi ni epoksi, ileile wanayouza kwa watu wa boti za faiba. Ile gundi nyeupe ya mbao ni nzuri kwa meza lakini ikikaa na mzigo kwenye joto na unyevu inateleza polepole, baada ya miaka unakuta kiungo kimehama. Vaa glovu na fungua madirisha, epoksi ikikuingia kwenye ngozi mara kwa mara itakuwasha maisha. Kazi ya gundi tunaifanya kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa kavu kidogo. Masika ikiingia tunafunga makopo ya gundi, tunachonga na kuchora.

Na mikanda ya chuma ya kukazia tumeibadilisha na tyubu za baiskeli. Unazikata ndefu nyembamba, unazungusha ganda lote na kalibu yake, kila duru unaivuta. Inabana sawasawa kila mahali kuliko klampu yoyote. Mafundi baiskeli wa Wete wanatupa tyubu zilizochakaa bure, Mungu awalipe.

Mwana_Malindi:

Samahani ndugu mwenye uzi, kazi ni nzuri sikatai, lakini mie moyo wangu haujatulia. Hii ni ndege ya kuua watu. Sie wenyewe tarehe 27 Agosti 1896 manuari za Waingereza zilitupiga mizinga hapa Forodhani, jumba la mfalme likageuka kifusi ndani ya muda usiofika saa moja. Na miaka ya hamsini Waingereza haohao wakirusha ndege za mabomu za Lincoln kutoka Nairobi kwenda kumwaga mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Leo tunatundika ndege ya mabomu watoto waitizame? Kwa nini msijenge mtepe huohuo?

Randa_Wete:

Ndugu yangu wa Malindi, nimekusoma na sikupuuzi hata kidogo. Umesema kweli kuhusu 1896 na kuhusu Lincoln, na mie nisingependa mtoto aondoke pale akidhani amemuona malaika.

Wenye kuipenda Mosquito wanapenda kueleza jinsi ilivyokwenda Berlin mchana kweupe tarehe 30 Januari 1943 ikakatisha hotuba ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Wajerumani, redioni. Ni kweli ilitokea. Lakini kuna na Copenhagen, Denmark. Tarehe 21 Machi 1945 Mosquito zilitumwa kupiga jengo la polisi wa siri wa Wajerumani, zikiruka chini kabisa juu ya mapaa, moja ikagonga nguzo ikaanguka karibu na skuli, waliofuata nyuma wakaona moto na moshi wakadhani ndio shabaha. Watoto 86 wa skuli walikufa. Marubani wale hawakuwa wabaya wala hawakukusudia, na hilo halikuwarudishia watoto.

Tumeshakubaliana na Maalim kwamba chini ya modeli patakuwa na kibao, na Copenhagen itaandikwa pale kwa herufi sawa na zile za Berlin. Sitaki ufundi ufundishwe bila hayo. Ila ufundi wenyewe sikubali kuuacha kwa sababu ulibebeshwa mabomu. Jinsi ya kulifanya ganda la mbao likawa gumu na jepesi ni elimu, kijana akiishika anaweza kujenga boti, anaweza kujenga paa. Na mtepe, wallahi, ukiupata mti na wazee wa kushona nitakuja na randa yangu.

Mwana_Malindi:

Hapo umenijibu. Kibao hicho kiwe mahali pa kusomeka, kisiwe nyuma ya mlango.

Maalim_H:

Assalaam aleikum. Mie ndiye Maalim anayetajwa. Naongeza kuhusu michoro maana nimeulizwa na wanafunzi wangu humu.

Michoro ya pande tatu ya Mosquito inapatikana kirahisi lakini msiiamini moja peke yake. Tumechukua kadhaa, tukapima upana wa ubawa kwenye kila mmoja, mchoro ambao haulingani na mita 16.51 baada ya kupiga hesabu ya skeli tumeuweka pembeni. Kisha tukazilinganisha na picha. Ndege ya kwanza kabisa, W4050, bado ipo, iko makumbusho London Colney karibu na Hatfield, nayo ilijengwa palepale Salisbury Hall palipo makumbusho hayo, kwa iyo picha zake za karibu ni nyingi. Jambo ambalo michoro mingi inakosea ni ukingo wa nyuma wa ubawa, unakuja mbele kwa nguvu kuelekea nchani wakati ukingo wa mbele karibu umenyooka. Ukiunyoosha ule wa nyuma kidogo tu ndege inapoteza sura.

Halafu tunachora kila mkato kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, mkato kwa mkato, na kuhakikisha ukiunganisha alama za mkato mmoja na wa pili kwa fito nyembamba inayopinda yenyewe, fito haivunjiki moyo mahali popote. Ikikataa, mkato mmoja una kasoro. Wanafunzi wangu wameelewa maana ya mkunjo wa grafu hapo kuliko ubaoni.

Kijana_Chake:

Fundi hongera. Sasa mbawa mita 3.3 zitapita mlango gani 😳 na mkitaka kuipeleka Unguja mtaipandishaje boti? Na kwa nini msitie mota mkairusha? Ingekuwa ya kwanza visiwani.

Randa_Wete:

Kurusha kwanza. Kitu cha ukubwa huo hewani ni hatari kwa watu, na nchi yetu hata droni ndogo hairuki bila vibali vya mamlaka ya usafiri wa anga. Lakini zaidi ya kibali, modeli ya kuruka inajengwa kwa sheria nyingine kabisa za uzito, ningelazimika kuacha msufi, kuacha kuta za ndani zilizokamilika, kuacha karibu kila kitu kilichonifanya niianze. Basi hapana.

Mlango sasa. Ubawa wa Mosquito ya kweli ni kipande kimoja, ncha hadi ncha, na bodi ina pengo chini yake, inashushwa juu ya ubawa inafungwa mahali panne. Tumeufuata mpango huo wa bodi kukaa juu ya ubawa kwa sababu ni mzuri na ni rahisi kufungua. Ila ubawa wenyewe tumeukata vipande vitatu, kati ni kile kinachobeba injini mbili, na nje ya kila injini ncha zinachomoka kwa bomba la aluminiamu ndani ya bomba jengine kubwa zaidi kidogo, na bolti moja ya kukazia inayoingilia chini. Mkato umepita kwenye mstari wa paneli, ukiupaka rangi hauonekani. Kipande kirefu kabisa sasa ni bodi, nayo inaingia kwenye gari ya Suzuki mlango wa nyuma ukiwa wazi.

Boriti za ubawa ni mbili, kila moja tumeigandisha kwa tabaka za paini ya Mufindi, nyembambanyembamba, na kila ubao umegeuzwa nyuzi zake zielekee kinyume na jirani yake. Ubao mmoja mzima wa urefu ule ungejipinda kabla ya mwezi wa Ramadhani kufika. Yaliyogandishwa yanashikana hayana pa kwenda.

Bint_Mkoani:

Fundi, pua ya kioo nayo? Na juu ya mbao mtapaka rangi moja kwa moja?

Randa_Wete:

Rangi moja kwa moja hapana. Mosquito ilivishwa kitambaa chembamba cha pamba juu ya plaiwudi yote, kikapakwa dopu nyekundu ya kukivuta na kukiziba, ndio ikaja rangi. Sie tunavisha bafta laini, tunaibandika kwa epoksi iliyolegezwa, ikikauka tunasugua, tunapaka sila, tunasugua tena. Kitambaa kinazuia nyufa ndogondogo za venia zisitokeze kwenye rangi, na kinaongeza kinga ya unyevu. Usiruke hatua hii hata ikikuchosha. Rangi za B Mk IV ni kijani kizito na kijivu juu, kijivu chepesi chini, na zipigwe bila kung'ara, ndege ya vita inayong'ara kama kabati la bibi arusi inaonekana mara moja kuwa si ya kweli.

Pua tunaifanya kwa shiti ya akriliki ya milimita 2. Akriliki inalainika ikifika kama nyuzi 150 na 160 hivi, na jiko la nyumbani halienezi moto sawa, upande mmoja unatoka mapovu mwengine bado mgumu. Kuna mwenye bekari hapa mtaani ametukubalia tutumie tanuri lake mikate ikishatoka, moto umetulia na umeenea. Tumechonga umbo la pua kwa mfenesi, tukalivisha flana nyembamba ili nyuzi za mti zisijichape kwenye kioo. Shiti ikilegea watu wawili wenye glovu wanaishika pembe nne wanaivuta juu ya umbo kwa mwendo mmoja, bila kusita, na kuishikilia mpaka ipoe. Halafu inakatwa vipande kwa msumeno wa meno madogo, fremu zinawekwa juu.

MkalafatiNungwi:

Na miguu? Uzito wote huo utasimama juu ya nini ukiiteremsha?

Randa_Wete:

Miguu ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote fundi. Ndege nyingi za wakati ule miguu yake ilikuwa na mafuta na hewa ndani, silinda za kuchongwa kwa mashine zenye vipimo vya hali ya juu. Mosquito walitia vipande vya mpira tu, vimepangwa kimoja juu ya chengine ndani ya mguu, ndege ikitua vinabanwa. Rahisi, na fundi yeyote anavibadilisha. Kwa iyo na yetu ina mpira wa kweli ndani, miguu miwili kwa kila gurudumu, bomba la mraba la aluminiamu na vipande vya mpira ndani vinavyobanwa.

Kwa atakayejaribu, usitumie mpira wa malapa, ni laini, ukiiacha imesimama wiki unabaki umebonyea. Na tairi ya gari ina nyuzi na waya ndani haikatiki sawa. Tumepata mpira mnene wa kukalia injini za lori, ule wanaoutupa gereji ukichakaa, unakata upande mzima kwa msumeno wa chuma huku unaumwagia maji ya sabuni. Vipande vyote viwe unene mmoja, pima kila kimoja, maana mguu mmoja ukiwa na mpira mgumu kuliko mwengine ndege itasimama imeinamia upande.